Kontena isipewe vifaa vyote vya seva

Mhariri,

Mafundi wengi wa seva, wakitaka programu iliyo ndani ya kontena (chumba kilichotengwa cha kuendeshea programu) ya Docker isome modemu au mizani ya USB, huandika --privileged, yaani ipewe ruhusa zote, na kuendelea na kazi. Huko ni kumkabidhi mpangaji wa chumba kimoja funguo za nyumba nzima: kontena hiyo huiona hata diski ya seva, mfano /dev/sda, na mdukuzi akiingia ataipachika na kusoma kila kitu.

Linux haina neimspesi (utaratibu wa kuipa kontena mwonekano wake yenyewe) ya vifaa. Neimspesi ya upachikaji huipa kontena /dev yake, yaani folda ya faili za vifaa, yenye vitu vichache kama null, zero na urandom, lakini kuficha jina si kuzuia. Mchakato wenye CAP_MKNOD, uwezo ambao Docker huutoa bila kuombwa, huweza kuliunda upya faili la kifaa kwa namba ambazo Linux hukitambulia. Anayekataa lisifunguliwe ni cgroup, sehemu ya Linux inayowekea michakato mipaka: toleo la 1 kwa orodha ya ruhusa, la 2 kwa programu ndogo ya eBPF inayoendeshwa ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Na --privileged huondoa kizuizi hicho pia!

Inatosha kuandika --device=/dev/ttyUSB0, yaani kifaa hicho kimoja tu, pamoja na --cap-drop=MKNOD inayoondoa uwezo ule. Kasoro yake ni kwamba waya ukichomolewa na kurudishwa, kifaa kinaweza kuitwa ttyUSB1, na kontena isikione. Hapo tumia --device-cgroup-rule='c 188:* rw', inayoruhusu vifaa vyote vya ttyUSB (namba yao ni 188), pamoja na -v /dev:/dev inayoionyesha kontena /dev ya seva. Diski zitaonekana kwa majina, ila kuzifungua kutaleta "Operation not permitted".

Msimamizi wa seva,
Dar es Salaam