Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: bingwa wa vitani naye aulizwe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu jambo hili nimeshalisema faraghani, kwa adabu zote, na halikufika popote. Ombi langu ni kwamba daktari yeyote wa upasuaji anayeajiriwa na kaunti yetu, awe na sifa za vitani kiasi gani, asiachiwe chumba cha upasuaji akitawale peke yake bila mtu wa kumuuliza.

Kazi yangu ilikuwa unesi wa chumba cha upasuaji, humu humu pwani, mpaka nikastaafu. Simtaji ninayemzungumzia wala hospitali yake, maana sitafuti kumvunjia mtu heshima. Ni bingwa kweli. Alikuwa ametibu majeruhi wa vita kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na alikuja katika ile miaka ya hofu, baada ya Mpeketoni kushambuliwa Juni 2014 na watu zaidi ya 60 kuuawa, na operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka Al-Shabaab katika msitu wa Boni, kuanza Septemba 2015. Nilimwona akiubana mshipa wa paja kwa vidole viwili, damu imetapakaa hadi sakafuni, sauti yake haikupanda hata kidogo, na mgonjwa akaishi. Sifa alizopewa alizistahili. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwepo likitiwa.

Aliletwa kijana mvuvi, risasi imeingia kwenye shavu la mguu na kutokea upande wa pili. Kipande cha kikoi chake kilikuwa kimezama ndani pamoja nayo. Daktari akakitoa, akasafisha, kisha akaomba uzi. Nikamwambia, "Daktari, kidonda cha risasi si huachwa wazi kwanza?" Hakunitazama. "Mimi nimeshona vidonda vya risasi wewe hujajua kushika mkasi," akasema, akashona. Na alishona vizuri mno, mishono midogo midogo iliyopangana kama ya kofia ya vito. Jamaa zake walipofunuliwa bandeji walimshukuru Mungu kwa mkono ule. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba mpaka nyuzi zimezama kwenye nyama, ngozi imegeuka rangi ya shaba, na ukibonyeza unahisi mapovu chini ya vidole. Harufu yake aliyewahi kuinusa haisahau. Mguu ukakatwa juu ya goti. Kwenye faili ikaandikwa kwamba mgonjwa alicheleweshwa njiani.

Mheshimiwa, usije ukaambiwa kwamba hapa madaktari hutofautiana. Risasi huingia na nguo, mchanga na uchafu, na huua nyama iliyo kando ya njia yake. Nyama iliyokufa haipati damu wala hewa. Ukiifungia ndani, vijidudu vya gangrini ya gesi, ugonjwa unaoozesha nyama, vimepata nyumba. Madaktari wa majeshi ya Ulaya walijifunza hili kwa gharama kubwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa yaliyoshiba mbolea ya wanyama. Mpaka leo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inafundisha vivyo hivyo: ondoa nyama iliyokufa, osha kwa maji mengi, acha kidonda wazi, kifunike kwa vitambaa vikavu vingi vya gozi, kisha ukifunge baada ya siku nne au tano kikiwa safi. Daktari wetu aliyajua haya kuliko mimi. Ila kidonda kilichoachwa wazi hakipendezi, jamaa wa mgonjwa wanakunja uso, naye alikuwa ameshazoea kushangiliwa.

Wakubwa kuliko yeye wamepitia hapo. Ferdinand Sauerbruch wa Ujerumani alibuni namna ya kupasua kifua mgonjwa akiendelea kupumua, na wakati wa Vita vya Kwanza akawatengenezea askari waliokatwa mikono mkono wa bandia unaoendeshwa na misuli ya kigutu chenyewe. Uzeeni, akili ilipoanza kumpotea, aliendelea kupasua watu katika hospitali ya Charité mjini Berlin. Waliomzunguka waliona, wagonjwa wakadhurika, na kwa muda mrefu hakutokea wa kumwambia aweke kisu chini. Alilazimishwa kuondoka mwaka 1949, na hata baada ya hapo akawa anapasua watu nyumbani kwake. Kinyume chake, Nikolai Pirogov, Mrusi aliyetibu majeruhi wa Sevastopol katika Vita vya Krimea, alikuwa angali kijana alipoyachapisha makosa yake mwenyewe ya upasuaji ili wenzake wasiyarudie. Jina lake halikupungua kwa hilo.

Dawa ipo, tena ni rahisi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, karatasi moja tu. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, hapo Tanzania kwa jirani zetu. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Wapo wanaoliona hilo la kitoto. Mimi nasema nesi aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya bingwa, ulimi umeshafunguka. Daktari wetu aliikataa orodha hiyo, akasema karatasi ni za wanafunzi. Ikawa tunaijaza baada ya operesheni, tiki juu ya tiki, kwa ajili ya wakaguzi.

Mombasa bingwa akiringa, mgonjwa hubebwa hospitali ya pili. Mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, ameshavuka bahari kuja kwetu. Akiharibiwa hapa, atarudishwa botini mpaka Mokowe, upande wa bara, kisha ashike barabara ya Witu na Garsen kwenda Malindi au Mombasa, barabara ambayo mabasi yamewahi kumiminiwa risasi.

Katiba ya 2010 iliigatua afya, na ajira ya madaktari hawa imo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja Nairobi. Iandikwe katika mkataba wa kila daktari wa upasuaji kwamba orodha ile itasomwa kwa sauti kabla ya kisu, na nesi akisema simama, pasimamwe, wala asihamishwe wadi kwa hilo. Kila mwezi kiwepo kikao cha kuangalia vifo na madhara, bingwa mwenyewe akiwemo, na kumbukumbu zake zifike mezani kwako. Na atafutwe daktari wa pili wa upasuaji, maana mwanadamu asiye na mwenzake wa kumsahihisha hana budi kujiamini kupita kiasi.

Kuna na yule kijana. Familia yake hadi leo inaamini ilichelewa. Mama yake anajilaumu kwa saa waliyopoteza wakitafuta mafuta ya boti. Waite, Mheshimiwa, waambiwe kilichoukata ule mguu, na mguu wa bandia ulipiwe na kaunti. Jina langu kamili nimeliwasilisha ofisini kwako pamoja na nakala ya barua hii, na niko tayari kusema niliyoyaona mbele ya kamati yoyote utakayoiteua.

Wako kwa heshima,
Nesi mstaafu, Mkomani, Lamu