Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa kikundi chetu cha bustani, mwaka 2024

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za siku. Taarifa naiandika kama navyoongea, maana mkinisubiri niandike kiofisi masika nyingine itatukuta. Hesabu za hela mhazini atazisoma mwenyewe siku ya mkutano, mi naongelea bustani tu.

Nianze na kosa langu kabla hamjanianzia nyie. Mwezi wa pili mi ndo nilisimama nikasema shamba la pamoja tujaze nyanya, nikawapigia hesabu bei inavyoruka hapa Dar mvua zikishika, kuna mzee akanikumbusha kwamba vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño na ardhi bado imeshiba, nikamjibu kwa kujiamini kabisa kuwa pwani hamna baridi kwa hiyo kila mwezi ni wa kupanda. Haya. Mwezi wa nne mvua haikutupa nafasi hata ya kupalilia, Mei ikaingia na kile kimbunga Hidaya kilichotua Mafia tarehe 4, nyanya zetu zikawa zimesimama kwenye dimbwi kama mpunga. Baada ya hapo zikaanza kunyauka huku majani bado ya kijani, asubuhi zimesimama mchana zimelala, na mimi mtaalamu wenu nikaagiza zimwagiliwe! Ni dada mmoja tu alikata shina akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, sote tukaona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu. Mnyauko bakteria. Huo hauna dawa ya kupuliza, na anayekuuzia dawa yake anakula hela yako. Vimelea vinakaa ardhini miaka, kwa hiyo yale matuta ya upande wa mferejini hamna nyanya, bilinganya, ngogwe, pilipili wala viazi mviringo, hizo zote ni ukoo mmoja na zinaugua pamoja. Pale tutaweka mahindi na kunde, na ukitoka pale osha jembe kabla hujalipeleka kwenye tuta lingine, sio kulikung'uta tu.

Yule mzee nimeshamuomba radhi. Kweli hatuna baridi ya kuua mmea, ila mwaka wetu una vipande vyake na kila kipande kina wenyewe. Nyanya kipande chake ni kipupwe, kitalu unaweka mwishoni mwa mwezi wa nne chini ya nailoni isipigwe na mvua, unahamishia shambani mvua zikipungua, unachuma wakati kusi bado inavuma na usiku umepoa. Ukilazimisha kiangazi, Januari na Februari usiku wenyewe unalala kwenye nyuzi 25 hivi, mmea unapendeza kwa majani tu, maua yanadondoka, halafu mtu analaumu mbegu. Waliopanda Juni majumbani kwao wamekula nyanya nzuri, shida yao ilikuwa kantangaze, huyu mdudu aliyeingia nchini 2014 na kukicha yumo ndani ya jani. Kwake dawa kali peke yake hazijasaidia sana maana anazizoea, mi naona ni kukagua kila siku mbili, kuchuma majani yenye michoro na kuyafunga kwenye mfuko juani, sio kuyatupa pembeni ya tuta kama nilivyokuta kwa mtu fulani.

Kilichotubeba mwaka mzima ni mboga ambazo hatuzipi heshima. Matembele yalikunywa mvua yote ya Aprili na kutoa machipukizi, kisamvu hakikujali chochote, msusa ulitambaa mpaka kwa jirani (tumeelewana, anachuma wa upande wake). Mchicha ndo ulikuwa wa kubahatisha, siku 21 mpaka 28 unakuwa tayari, lakini mbegu zake ni vumbi na mvua moja kubwa inazisomba zote kona moja ya tuta. Masika wekeni matuta ya kuinuka na mtawanye nyasi kavu nyepesi juu. Kiangazi mgeuze, tuta lizame chini ya njia ili maji ya ndoo yasikimbie, na matandazo yawe mazito. Mwaka huu tulinyanyua matuta ya masika vizuri halafu tukayaacha hivyohivyo mpaka vuli, vuli yenyewe ikaja kinyonge, tukawa tunamwagilia juu maji yanaishia kwenye vijia.

Samadi. Kila mkutano mtu anauliza mbona tuliweka matoroli kwa matoroli na udongo umerudi kuwa kichanga cheupe. Ni hili joto na huu unyevu, vinaozesha kila kitu haraka, na kinachobaki mvua inakizamisha chini mizizi isikofika. Hapa hakuna kuweka mara moja kwa mwaka, ni kidogokidogo kila unapopanda, na shimo la mboji lisilale hata mwezi mmoja. Ile ya kuku tuliyoletewa Septemba ilikuwa mbichi kabisa, ukichokonoa inatoa mvuke, tukaimwaga hivyohivyo kwa haraka na mchicha wote ukaungua. Aliyeileta hana kosa, tulitakiwa kuilundika na kuifunika miezi kadhaa.

Jambo dogo ambalo mi mwenyewe nimelijua uzeeni: jua letu linahama. Mwezi wa sita adhuhuri liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili limevuka kusini. Ndo maana tuta la bamia lililoko nyuma ya ule ukuta mrefu, upande wake wa kusini, linapata jua zuri Desemba na Juni liko kivulini, tukawa tunasema limelogwa. Juni pale tuweke saladi, inapenda kivuli, na mbegu zake mlaze kwenye friji siku mbili tatu kabla ya kusia kwa sababu udongo ukiwa wa moto zinagoma kuota.

Mbegu za kikundi nyingi hazikuota, hasa vitunguu. Zilikuwa kwenye bahasha juu ya kabati, na hewa yetu hii ya chumvi na jasho haiachi mbegu salama. Kuanzia sasa zinakaa kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, ndani yake mchele uliokaangwa ukakauka, halafu friji ya katibu, ameshakubali.

Konokono tumeshindwana nao, mwenye mbinu nyingine zaidi ya kuwaokota usiku kwa tochi aje nayo.

Kitalu cha nyanya tunaanza wiki ya mwisho ya Aprili, mwenye nailoni nyumbani alete, na aliye na toroli la kikundi tangu Idi namuomba alirudishe hata kama tairi limetoboka.