Barua kwa Haji kuhusu Watu wa Agadir na Lugha Yao

Agadir, Moroko

Ndugu yangu Haji,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta salama wewe, Bi Zuhura na watoto, na kwamba mguu wa mzee umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, ila mafua hayatuachi. Najua utanisema kwa kukaa kimya muda wote huu, lakini lawama ziweke kiporo, kwa kuwa Kombo amenitumia rasimu ya makala yako ya jarida la chuo, naye anasema iko karibu kupelekwa kwa mpiga chapa.

Nakuomba, Haji, usiiache ile aya ya pili kama ilivyo. Umeandika kwamba robo tu ya Wamoroko huzungumza Kiberber, kwamba hao ni watu wa milimani, na kwamba Agadir ni mji wa Waarabu na watalii. Kuhusu robo sina ugomvi mkubwa: sensa ya Septemba 2024 ilitoa asilimia 24.8 katika nchi yenye watu milioni 36.8, ingawa vyama vingi vya Waamazighi, ndivyo Waberber wanavyojiita, viliikataa hesabu hiyo. Lakini hiyo ni hesabu ya taifa zima, kuanzia Tangier hadi jangwani, na wewe umeichukua ukaibandika juu ya mji ulio katikati ya Souss, eneo ambalo Kitashelhit, tawi mojawapo la Kiberber, ndiyo lugha ya wenyeji wengi.

Halafu tazama unavyouhesabu mji wenyewe. Umetumia sensa ya 2014, iliyoipa manispaa ya Agadir watu 421,844, ukaishia hapo. Katika miji ya jirani, Ait Melloul peke yake ilikuwa na zaidi ya watu 171,000, Inezgane zaidi ya 130,000, na Dcheira zaidi ya 100,000; ukiijumlisha miji hiyo mitatu unapata watu karibu sawa na Agadir yote, nao wako wilaya nyingine kwenye makaratasi ya serikali, ilhali kwa macho nyumba zimeungana. Ni sawa na kuwahesabu wa Mjini Unguja ukawaacha wa Magharibi. Na huko ulikokuacha ndiko Kitashelhit kinakosikika zaidi: soko la Inezgane, ambako watu wa kusini yote hushuka na mizigo yao, huendeshwa kwa lugha hiyo, na Dcheira ndiyo iliyowatoa Izenzaren, wanamuziki waliotikisa Souss miaka ya 1970.

Sikatai kwamba Kiarabu cha Kimoroko kimejaa mjini. Tetemeko la usiku wa tarehe 29 Februari 1960 liliua watu wasiopungua 12,000, yaani kama theluthi ya wakazi, na mji ukajengwa upya kusini ya ule wa zamani. Waliokuja baadaye kufanya kazi bandarini, hotelini na kwenye mashamba ya nyanya ya Chtouka walitoka kila pembe ya nchi, wengi wao bila neno la Kitashelhit. Lakini hapo napo mgawanyo wako wa mlima na bonde haushiki, kwa sababu Wahouara wa Oulad Teima, walio bondeni papa hapa, ni wasemaji wa Kiarabu tangu zamani, na watu wa milima ya Tafraout wamejaa Casablanca wakiendesha maduka ya vyakula.

Kama ungetaka la kusikitikia, ningekupa jingine. Mama mwenye nyumba wangu huzungumza Kitashelhit na dada zake mchana kutwa, nao wajukuu humjibu kwa Kiarabu. Katiba ya 2011 imekifanya Kiamazighi lugha rasmi, na vibao vya ofisi vimeandikwa kwa Tifinagh, herufi za lugha hiyo; muuza samaki wangu, ambaye ni Mshelhi, yaani wa Kitashelhit, baba na mama, hasomi herufi hata moja ya hizo, na mimi mgeni ndiye ninayemsomea. Hucheka sana, kisha hunipandishia bei. Sasa mtoto yule anayemwelewa bibi yake ila hamjibu, karani wa sensa amwandike wapi? Hilo ndilo ningependa wanafunzi wako walisome, badala ya ile robo.

Basi, je, Kombo anaweza kuichelewesha makala japo kidogo? Ramani uliyoiweka inaonyesha Ait Melloul, au inaishia kwenye mto Souss? Wanafunzi wako wameshawahi kusikia kwamba Kiberber kina matawi, au huko bado kinafundishwa kama kitu kimoja? Na Salma ameamua nini kuhusu Muscat? Yule jamaa wa Darajani amekulipa, au bado anakupisha njiani? Nijibu kabla hujachapisha, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Suleiman