Wifi, kiwanja cha Isyesye usikiuze kwanza

Wifi yangu,

Ugonile. Nakuandikia hapa peupe kwa sababu kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Na pia hili lako wanaoniuliza ni wengi: mama mwenye watoto na duka, cheti cha foo, yaani daraja la nne la kidato cha nne, kimekaa chini ya kanga kabatini, anataka kusomea udaktari na hajui aanzie wapi. Jina lako sitalitaja. Wa Mwanjelwa watakaokutambua, shauri yao.

Kaka ameniambia umepata wakala wa kukupeleka nje. Eti matokeo yako hayana shida, utaanza mwaka mmoja wa maandalizi, kisha unaingia udaktari moja kwa moja. Unachotakiwa ni malipo ya awali mwezi huu, nayo yatoke kwenye kiwanja cha Isyesye.

Sisemi kila wakala ni tapeli. Wapo madaktari waliosoma nje, na baadhi yao ndio wanaowapokea wagonjwa wangu ninapowapa rufaa kwenda Mbeya. Muulize tu wakala wako kama kwa matokeo hayo TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, watakupa cheti cha kutokuwa na pingamizi, kile ambacho wanaokwenda kusoma shahada nje huomba kabla ya kuondoka. Akikujibu kwamba hicho kitashughulikiwa ukishafika, chukua mkoba wako utoke. Shahada utakayorudi nayo itapimwa na TCU, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika nao wataitazama, na siku hiyo wakala hatakuwepo. Hapo sijagusa mambo yasiyo na mwenyewe, kama vita. Waliokuwa wakisoma udaktari Ukraine mwaka 2022 wanajua walivyotoka kule.

Tuje kwenye cheti chenyewe. Wewe ni wa 2012, na mwaka ule unakutesa kuliko unavyokiri. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013 nchi ilitikisika, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, hatimaye matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Wewe uliilia sifuri mwezi wa pili, ukaja kuambiwa una foo ya 27 wakati tayari umeshashika kazi ya kuuza duka la watu. Tangu hapo ukijisema, unajisema kama mtu wa sifuri.

Nimeomba kaka anipigie picha cheti chako (ndiyo, bila ruhusa yako, tutagombana baadaye). Biolojia C, Kiswahili C, Kemia D, Kiingereza D, Uraia D, Jiografia D. Hesabu F, Fizikia F. Wifi, hiki si cheti kibovu kiasi hicho. Stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na katika hayo manne lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. D inatosha. Kinachokuzuia kuingia chuo cha utabibu ni Fizikia peke yake. Umekaa miaka yote hii ukidhani ni ukuta mzima.

Najua hutaki utabibu, unataka udaktari. Subiri, nakuja huko.

Njia ya kidato cha sita nimeipima nikaiacha. Ili usajiliwe mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea unahitaji C tatu za kidato cha nne, wewe unazo mbili. Ukiipata ya tatu utatafuta kituo cha PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) chenye maabara ya kweli, usome huku unauza dawa na kulea, kisha upate si chini ya D katika kila somo kati ya hayo matatu, jumla pointi sita. Pointi sita zenyewe ni tiketi ya kupanga foleni tu, maana waombaji wa udaktari ni wengi na vyuo huchukua kuanzia juu. Kwa binti wa miaka 19 ningesema jaribu. Kwako hapana.

Iko njia ya pili, na wanaoipita ni watu wazima kama sisi. Mwenye stashahada ya utabibu, GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, na D za kidato cha nne katika Hesabu, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza, anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari. Kwenye orodha hiyo Hesabu nayo imo. Kwa hiyo unarisiti, yaani unarudia mtihani wa masomo mawili kwa mkupuo mmoja, Fizikia na Hesabu, ili usije ukamaliza stashahada ukiwa na GPA nzuri halafu F ya Hesabu ikufungie mlango. Nimewaona matabibu hodari waliokwama hapo hapo, wanarudi kukaa na watoto wa kidato cha nne kwenye chumba cha mtihani huku wana vyeo kazini. Maliza yote sasa.

Usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, kwa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Ukichelewa unalipa faini, ukichelewa zaidi umekosa mwaka. Jisajili kwa jina lile lile la cheti cha 2012, si hilo la kwetu ulilolibeba baada ya harusi. Kama kitambulisho chako cha NIDA kinasoma jina la ndoa, nenda kwa wakili ukaapie mapema, maana jina lililopishana herufi limewarudisha wengi kwenye dirisha la udahili. Na chagua kituo chenye maabara, Fizikia ina karatasi ya vitendo.

Hesabu unaiogopa bure. Kwa muundo tuliouzoea, sehemu A ina maswali kumi ya alama sita sita, sehemu B manne ya alama kumi kumi, na D inaanzia alama 30. Hakuna anayekudai uelewe vekta. Kuna swali la mahesabu ya biashara, daftari la fedha na urari, na wewe unafunga hesabu za duka kila jioni kwa kichwa. Kuna takwimu, kuna uwiano, faida na hasara. Chukua mada tano au sita, zimalize kabisa, nyingine ziage. Mitihani iliyopita inauzwa kwenye vibanda vya fotokopi, na vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya TIE, Taasisi ya Elimu Tanzania. Fizikia tafuta mwalimu. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga, imejaa vijana wa uhandisi wanaotafuta hela ya chakula. Mmoja akija Jumamosi na Jumapili mchana, kwa bei ya kuelewana, atakufikisha. Awe anakuja wifi, usimfuate wewe, la sivyo mteja mmoja tu dukani atakufanya usiende.

Sasa umri, ambao wakala wako hakuutaja kwa sababu kwake hela haina umri. Mwezi wa nne umetimiza 32. Mtihani wa Novemba mwakani utakukuta na 33, chuo utaanza na 34, utatoka ukiwa na 37. Ukiunganisha udaktari hapo hapo, miaka mitano na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, unamaliza na 43, kama hakuna mwaka uliorudiwa na hakuna mtoto aliyeongezeka. Matangazo ya ajira serikalini husema mwombaji asizidi miaka 45. Na mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukitaka mwombaji wa shahada asizidi 35. Maana yake shahada yako haitakuwa na mkopo. Ada ya udaktari kwenye vyuo binafsi ni mamilioni kila mwaka, na kiwanja cha Isyesye, hata ukiuza na mawe yake, hakimalizi miaka mitano.

Ndiyo maana nakwambia usikiuze. Kikiuzwa leo kwa ahadi ya wakala, hutakuwa nacho siku unayokihitaji kweli.

Ningekuwa wewe, ningesoma stashahada, ningeomba ajira nikiwa tabibu, na udaktari ningeufuata nikiwa kazini. Ukishaingia kwenye utumishi, ule ukomo wa 45 haukuhusu tena, na mtumishi aliyepewa ruhusa ya masomo na mwajiri wake huendelea kupokea mshahara. Sikufichi kwamba ajira zenyewe ni chache. Pale kituoni kwetu wapo matabibu wanaojitolea wakisubiri majina yao yatoke, nao ni wazuri. Lakini wewe una duka, hutakaa nyumbani ukitazama simu.

Halafu hiyo kazi unayoidharau, njoo Busokelo uione. Zahanati ya kijijini haina daktari, ina tabibu. Mama anafika usiku amebebwa, ujauzito wa miezi minane, kichwa kinamuuma, haoni vizuri, miguu imevimba. Unapima presha unaona namba ambazo hutaki kuziona. Hapo hakuna wa kumwita kutoka chumba cha pili. Unampa magnesium sulphate, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, unapiga simu ya gari, mvua inanyesha kama inavyonyesha Rungwe, dereva anakwambia barabara imeteleza atajitahidi. Unakaa naye ukihesabu pumzi zake na kumgonga goti uone kama bado linaruka, mpaka gari lifike. Ndugu zake hawatauliza kama una shahada. Na wewe hutakuwa na nafasi ya kuwaza kuhusu 2012.

Kwa kazi hiyo una kitu ambacho wenzako wa darasani, wengi watoto wa miaka 19, hawatakuwa nacho. Umekaa miaka nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu ukiwasikiliza watu. Unamjua baba anayeomba dawa ya tumbo kumbe anatafuta ujasiri wa kutaja ugonjwa mwingine. Unajua nani atakatisha dozi akipata nafuu. Watakaokuhangaisha ni anatomia na usingizi. Na GPA wengi huja kuigutukia mwaka wa tatu. Kwa mtu anayeuwaza udaktari baadaye, 3.0 si namba ya kuichezea.

Chuo nacho usichague kwa bango. Kila chuo cha afya kilichosajiliwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kina namba inayoanza na REG/HAS. Itafute kwenye orodha yao mwenyewe, usiikubali kwenye kipeperushi. Kisha uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali ipi. Wakikwepa swali hilo, usilipe hata fomu.

Watoto nimeshaongea na mama. Yule mdogo anaweza kukaa Tukuyu siku za mitihani, mkubwa asihamishwe shule. Duka mpate binti mwenye cheti cha kutoa dawa, si yule mpwa wenu anayejua kuuza vocha tu.

Kaka niachie mimi. Jumapili baada ya ibada nitakuja, nitamkalisha, na wewe siku hiyo uende sokoni ukae huko. Hati ya kiwanja niwekee mezani, nitaondoka nayo.

Wifi yako,
Tukuyu