YAH: Malalamiko kuhusu kabureta na vipuri vya Datsun 240Z ya 1971

Moshi, Kilimanjaro
12 Mei 2025

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari mwaka huu nililipa kwenu Sh 4,600,000, pamoja na usafiri na ushuru, kwa ajili ya jozi ya kabureta (zile za kuchanganya petroli na hewa), kava ya dashibodi na nembo mbili za ubavuni, vyote vya Datsun 240Z ya 1971. Mpaka leo hakuna hata kimoja nilichoweza kukifunga kwenye gari. Nimepiga simu, nimetuma picha kwa WhatsApp, na vijana wenu wamenijibu kwa adabu kweli, lakini adabu haiwashi injini. Sasa naandika ili jambo hili likae kwenye maandishi.

Gari lilikuwa la marehemu baba yangu mdogo. Lililala miaka mingi kwenye banda la kahawa kule Machame, kutu ikala sakafu, ikala pale betri inapokaa, ikala kingo za chini mbele ya tairi za nyuma, kama kawaida ya 240Z. Bodi tumeshaikata na kuichomelea, injini imeshafunguliwa. Kazi yote inafanyika nyumbani kwangu chini ya paa la bati, mimi na fundi wangu, mzee ambaye alizishika gari hizi zikiwa bado zinauzwa mpya. Nia yangu ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani: injini yake ya L24 yenye silinda sita, giaboksi yake ya gia tano, ringi zake za inchi 14. Najua wapo wanaotupa injini hiyo wakaweka ya Toyota, na gari linakwenda vizuri tu. Kila mtu na gari lake.

Haya yote nilimweleza msaidizi wenu kabla sijalipa. Nilimtumia na picha ya namba ya chasisi, ile iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, inayoanza na HS30. Muuzaji wa vipuri vya gari hili huanzia hapo. HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia. Zilizokwenda Marekani zenye usukani wa kushoto ni HLS30. Hazifanani kwa kila kitu. Ya Marekani iliuzwa na gia nne na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ya uwiano wa 3.364, wakati hizi za kwetu zilikuja na gia tano na difu ya 3.9. Msaidizi akanijibu, "Imepokelewa mzee wangu, tuna katalogi." Sasa ninaamini katalogi mnayo, ila ni ya HLS30.

Nianze na kabureta, maana ndizo zilizokula fedha nyingi. Profoma yenu, yaani ankara ya awali, inasema hivi: "Kabureta Hitachi, jozi, Datsun 240Z 1971, mpya, hazijawahi kufungwa." Boksi lilipofika tukalifungua juu ya meza. Fundi wangu hakuhitaji hata kuzitoa kwenye nailoni. Alitazama juu, akanitazama mimi, akaenda kunawa mikono.

Kabureta za 240Z za miaka ya 1970 hadi 1972 zina kuba la mviringo juu ya pistoni ya kabureta yenyewe. Zenu zilikuwa bapa. Hizo zilifungwa kwenye magari ya Marekani ya mwaka 1973 kwa ajili ya sheria zao za moshi, zikaendelea kwenye 260Z ya 1974, na Wamarekani wengi waliokuwa nazo walizing'oa wenyewe wakarudisha zile za mviringo. Sababu inajulikana: injini ikishapata moto, petroli humo ndani inageuka mvuke, na ukizima gari juani haliwaki tena mpaka lipoe. Sasa mimi nitoke Moshi kuja Dar, nisimame Korogwe saa saba mchana ninunue machungwa, halafu nikae pembeni ya barabara nikilisubiri gari lipoe? Kwa Sh 3,100,000?

Nililalamika, mkakubali kubadilisha. Hilo nilishukuru. Jozi ya pili ilikuja ya mviringo, umbo sahihi kabisa, na ninakiri kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha tukaanza kuzikagua kwenye mwanga.

Rangi ya fedha ilikuwa imepulizwa juu ya kila kitu, hadi kwenye vichwa vya skrubu, na chini ya rangi hiyo mifereji ya skrubu imelika kwa bisibisi. Tukafungua bakuli la petroli. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia uliogandia ukutani, ule unaobaki petroli ikikauka baada ya kukaa miaka. Kabureta ambayo haijawahi kufungwa ilikunywa petroli wapi? Mhimili wa kufungulia hewa unacheza: ukiushika kwa vidole viwili unatikisika juu na chini. Hapo ndipo injini itakapovuta hewa ya pembeni, na kabureta mbili zenye ugonjwa huo hazitakaa sawa hata mzirekebishe mpaka usiku.

Kisha tukafanya jaribio ambalo fundi yeyote wa kabureta za aina hii analijua. Unainua pistoni kwa kidole hadi juu, unaiachia. Ikiwa nzima, inashuka yenyewe hadi chini na unasikia mlio mfupi wa chuma kugonga chuma. Ya kwanza ilishuka. Ya pili ilikwama katikati ikabaki hapo hapo, tukaisukuma. Video ya jaribio hilo mnayo tangu mwezi uliopita.

Naomba nieleweke vizuri. Sina ugomvi na kipuri kilichotumika. Kwa gari la umri huu, mara nyingi cha zamani kilichotumika ni bora kuliko nakala mpya iliyotengenezwa juzi. Mngeniambia, "Mzee, hizi ni used, zinahitaji mihimili mipya na kusafishwa," ningelipa bei ya used, ningeagiza mihimili, tungezikarabati wenyewe na leo zingekuwa zimeshafungwa. Mlichofanya ni kupaka rangi na kuandika "mpya". Hiyo ni bidhaa nyingine kabisa, na bei yake ni nyingine.

Kava ya dashibodi sitaielezea sana. Ni ya usukani wa kushoto. Ile nundu ya geji za mbele ya dereva ipo upande wa abiria. Nimepiga picha kava ikiwa imelazwa juu ya dashibodi. Hata mtoto ataona.

Nembo ni jambo dogo kwa fedha, lakini ndilo lililonikera zaidi. Gari langu ni la mwanzoni mwa 1971, kabla kiwanda hakijahamisha matundu ya kutolea hewa. Matundu yake yapo kwenye mlango wa nyuma chini ya kioo, na ubavuni kunakaa nembo ya maandishi, 240Z. Baadaye matundu yakahamishiwa kwenye nguzo za ubavuni, na hapo ndipo ikaja nembo ya duara yenye herufi Z iliyoyaficha. Ninyi mmenitumia za duara. Nilipopiga simu, kijana wenu akaniambia: "Mzee wangu, zote hizo ni Datsun. Mwambie fundi achonge kidogo, itaingia."

Achonge wapi? Kwenye bodi ambayo tumeimaliza, imenyooka, imepigwa praima? Nikate tundu kwenye chuma kisichokuwa na tundu, ili nembo yenu ipate pa kukaa?

Hapo ndipo tunapopishana, Ndugu Meneja. Kitu cha kuchonga mpaka kikaingia ninakipata Gerezani kwa robo ya bei yenu, na muuzaji wa pale hatanidanganya kwamba ni cha 1971. Mimi nililipa bei yenu kwa sababu moja tu: mliandika mwaka. Mwaka ndio nilioununua. Ukiuondoa huo, kilichobaki ni chuma tu.

Na tukiwa kwenye habari ya miaka, litazameni tangazo lenu. Mmeweka picha ya 240Z nyekundu yenye bonneti nyeusi, na maandishi chini yake: "Bingwa wa Safari Rally 1972." Mwaka 1972 Safari ilichukuliwa na Ford Escort ya Hannu Mikkola na Gunnar Palm. Datsun 240Z ilishinda 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ambaye alimaliza akiwa na pointi sawa na Harry Källström, naye wa Datsun, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Wazee wa huku wanayakumbuka mashindano hayo kama jana. Nilipoliona kosa hilo kabla sijalipa nilicheka tu. Sikudhani kwamba ndivyo mnavyosoma na oda za wateja.

Kwa haki, niseme pia kwamba gasketi za injini, pampu ya maji na plagi za NGK BP6ES nilizonunua kwenu mwaka jana zilikuwa sahihi, zimefungwa, sina neno. Ndiyo maana nilirudi.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe fedha zote za kabureta, kava na nembo, pamoja na sehemu ya usafiri na ushuru niliyolipia vitu hivyo. Sitaki jozi ya tatu. Sikubali pia ile "asilimia 20 ya gharama za kurudisha mzigo" ambayo mhasibu wenu aliitaja kwenye simu. Makato hayo ni ya mteja aliyebadili mawazo, na mimi sijabadili chochote. Mzigo mtauchukua kwa gharama zenu hapa Moshi, nami nitautoa kwa maandishi na kwa picha, ukiwa kamili kama ulivyokuja. Na zile kabureta zisiuzwe kwa mtu mwingine kwa maneno yale yale.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na maelezo ninayo yakiwa na mhuri wenu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu mpokee barua hii, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kisha mahakamani ikibidi. Ningependa tusifike huko. Safari ya Dar kwa ajili ya kesi ni gharama, na mimi fedha hizo nina pa kuzipeleka: rangi bado haijapigwa.

Mkihitaji mtu wenu aje avione vitu kwa macho, anakaribishwa siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi. Aje na katalogi ya HS30.

Wenu,

Mteja, mmiliki wa Datsun 240Z ya 1971

Viambatanisho: nakala ya profoma na stakabadhi ya malipo, picha ya namba ya chasisi, picha za jozi zote mbili za kabureta, kava na nembo, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp.