Barua kwa mwanangu, kabla hujapanda treni ya Mombasa

Mwanangu,

Umesema Ijumaa unashuka Mombasa, hoteli imekupa kazi ya gitaa, na kuna jamaa huko ameahidi kukurekodia nyimbo zako zote bure. Kazi ya hoteli sina neno, nimefurahi mpaka kina mama wote wa chama wanajua. Hiyo bure ndiyo imeninyima usingizi. Studio inalipa stima, inalipa kodi, inalipa fundi wa mitambo, sasa bure inatoka wapi? Usiweke sahihi kwa karatasi yoyote kabla hujanisomea kwa simu, yote, hadi yale maandishi madogo ya chini.

Nimemuuliza dadako akanieleza kwamba hapo kuna mali mbili. Kuna wimbo wenyewe, maneno na tuni, huo ni wako tangu siku uliyouandika au kuurekodi hata kwa simu. Halafu kuna ile rekodi, na mwenye rekodi anaweza kuwa yule aliyepanga mambo ya kurekodi. Sasa karatasi ikisema jamaa amechukua zote mbili utabaki na nini, vidole? Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, yaani hata wale wajukuu ambao bado hujaniletea wana kitu hapo.

Andikisha nyimbo zako KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, kabla ya Ijumaa. Najua utaniambia mama, wimbo ni wangu hata nisipoandikisha, sawa, lakini siku ya kubishana utaonyesha nini? Angalia ule wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi dunia ikamjua nao, Grant Charo naye akasema ni wake, Fadhili akafariki 2001 na watu mpaka leo wanabishana, wimbo ambao kila harusi lazima uimbwe! Na ile rhumba mliyotunga na mpiga besi wako, mmeandikiana nani ana ngapi? Andikianeni sasa mkiwa bado mnakula sahani moja.

Mjomba wako anasema unaruka ruka sana, leo benga, kesho rhumba, kesho kutwa reggae, ati uchague moja watu wakujue. Mimi nimemkatalia. Kwa benga, pale waimbaji wananyamaza gitaa linaanza kukimbia kama nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, na kwa ile omutibo yako, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya, ya vidole na chupa ya Fanta ikigongwa pembeni, mimi nasikia mkono ni ule ule, na huo mkono hakuna mwingine anao. Ile rhumba ilinifanya nizime jiko nikakaa chini. Lakini reggae ya juzi haikuwa imeiva, maneno yamejaa hadi gitaa halina pa kupumua, na ulikuwa na haraka ya kuiweka kwa mtandao kabla hata hujalala ukaisikiliza asubuhi. Haraka yako ndiyo naogopa, kwa sababu mtu wa haraka hasomi karatasi.

Huko pwani chumvi inakula nyuzi, zipanguse kila ukimaliza kupiga na beba seti nyingine, na gitaa usiliache nje ya begi lake usiku. Ile gitaa ya kwanza iliyouzwa sitaki tuizungumzie, karo ilikuwa ya watoto wawili, lakini hii ya sasa hakuna mtu wa nyumba hii ataigusa.

Spika yako kubwa iache kwa dadako, usimwachie jirani. Landilodi ameongeza pesa ya maji tena na tangi bado linavuja, fundi anakuja Jumamosi, na ile pesa ya tokeni ya stima tuma kwa simu ya dadako, yangu inazima zima. Na huyo jamaa akikwambia sahihi ni leo leo, mwambie mama yako hajasoma.

Mamako