Barua ya wazi kwa wazazi vijana wa Busia: kabla ya kumpeleka mtoto darasa la kwanza

Wanangu,

Nimefundisha madarasa ya chini ya shule ya msingi hadi nikastaafu, na wengi wenu nimewashika mkono mkijifunza kuandika majina yenu. Kwa haki hiyo naomba mnisikilize, hata pale nitakapowakaripia. Muhula huu nimewaona kituoni mkiwapakia basini watoto wa miaka 6, pamoja na magodoro na masanduku ya bati, kuwapeleka shule za bweni za Kampala na Mukono, safari inayokaribia kilomita 200. Nilipowauliza wazazi wawili watatu sababu ya kuchagua shule hizo, wote walinijibu kwamba majina yake yametoka gazetini. Hakuna aliyekuwa amefika huko kabla ya siku hiyo.

Hebu tutazame gazeti hilo linasema nini. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inapotangaza matokeo ya PLE, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtoto huwa amepewa alama kati ya 1 na 9 katika masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Aliyefaulu kupita wote ana jumla ya 4, na wa daraja la kwanza hawavuki 12. Hizo ni habari za watoto wa darasa la saba, tena wale waliobaki baada ya mchujo, kwa kuwa zipo shule ambazo humkaririsha darasa la sita mtoto anayejikongoja, au humwita mzazi wake na kumshauri amtafutie mahali pengine, au humsajili mtoto huyo kufanyia mtihani katika kituo cha shule nyingine ili asiwaharibie hesabu. Gazeti halichapishi majina ya walioondolewa. Mwanao anaingia darasa la kwanza, na ukurasa ule haukuambii lolote kuhusu mwalimu atakayemfundisha kusoma.

Sasa niseme juu ya bweni, kwa maana ndilo linaloniuma. Mtoto wa miaka 6 bado hukojoa kitandani usiku akiogopa. Hajui kufua shati likatakata, hajui kutofautisha homa na uchovu, na akiibiwa sabuni hana wa kumwambia ila mlezi wa bweni, naye ana watoto wengi mno wa kuwatazama mmoja mmoja. Nimewapokea darasani kwangu watoto waliorudishwa kutoka shule za namna hiyo wakiwa na upele mwilini na funza miguuni, wakishtuka kila mlango unapofunguliwa. Mmoja alikuwa akiamshwa usiku wa manane ajisomee pamoja na wakubwa. Kwangu alikuwa akisinzia kila asubuhi, nami nikamwacha alale kwenye mkeka nyuma ya darasa hadi mwili ulipomrudia. Mama yake alikuwa amelipa ada kubwa kuliko mshahara wangu wa muhula mzima. Kusoma alianza kujua alipokuwa akilala kwao.

Na msisahau moto. Aprili 2008 wasichana wadogo waliteketea bwenini katika shule ya msingi ya Budo Junior, na Oktoba 2022 watu 11 walikufa katika shule ya wasioona ya Salaama, Mukono. Anayelazimika kumlaza mwanawe bwenini na aingie humo mwenyewe, atazame kama madirisha yana nondo, kama kuna mlango wa pili, na ufunguo unakaa kwa nani usiku.

Najua mtanijibu kwamba shule ya jirani ni ya UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada, na imejaa. Ni kweli. Serikali ilipofuta ada mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5, na madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Lakini nasi tumeikosea shule ile. Kila mwenye uwezo wa kusimama katika mkutano wa wazazi na kuuliza fedha zimekwenda wapi aliwatoa watoto wake, tukawaachia mikutano wazee wanaolea wajukuu, kisha tunashangaa kwa nini choo hakina mlango. Watu wa mji huu tunachangishana harusi ndani ya wiki moja, na shule iliyo mbele ya nyumba zetu hatujainunulia hata madawati.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, nendeni shuleni siku ya kawaida, si siku ya sherehe. Ombeni kuketi nyuma ya darasa la kwanza, si la saba. Hesabuni watoto. Fungueni madaftari yao mwone kama kalamu ya mwalimu imepita humo wiki hii. Ulizeni kama shule imesajiliwa na ina namba yake ya kituo cha mtihani. Ulizeni ada pamoja na vyote vinavyoifuata, karatasi, sukari, fagio na michango, viandikwe kwenye karatasi moja. Tazameni maji na vyoo vya wasichana. Tazameni fimbo pia: sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza kuwachapa shuleni. Wala msiikimbie shule inayoanza na Kisamia au Ateso, kwani mtaala wa tangu 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, na Kiingereza kishike usukani baadaye. Mtoto anayeaibishwa kwa kusema lugha ya bibi yake hunyamaza darasani, na mwalimu hawezi kumsahihisha mtoto aliyenyamaza.

Nawe ambaye mwanao tayari yuko bweni, usingoje likizo. Siku ya kuwatembelea ikifika, keti naye mbali na walimu, umfunue mgongo na miguu, umuulize analala na nani na anaamshwa saa ngapi. Akikuambia anaogopa, panda naye basi la jioni hiyo hiyo. Ada uliyokwisha kulipa huenda wasikurudishie. Iache, na asubuhi yake mlete hapa, nitakwenda nawe kumwandikisha.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu
Busia, Uganda